Bei ya Mchana: Ajira na Uchoraji, kutoka Nyanda za Uha hadi Pwani

Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Katika nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, methali hiyo ina uzito wake maalumu. Mwalimu, mganga wa zahanati au karani wa halmashauri akitangaza kwamba anaacha kazi ya mshahara ili awe mchoraji wa picha, wazee wa ukoo wataitwa, na swali la kwanza litakuwa amepatwa na nini. Hawatauliza kama picha zake ni nzuri. Huenda wakakiri kwamba ni nzuri sana. Watakachouliza ni nani atalipa karo, nani atanunua mabati ya nyumba iliyokwisha kuanzwa, na kiinua mgongo alichokuwa akikisubiri kitakwenda wapi.

Ni rahisi kuyahesabu maswali hayo kuwa ni ya watu wasioijua sanaa. Walakini yametokana na historia ndefu, na historia hiyo haikuishia milimani. Ilishuka kwa reli mpaka mashamba ya mkonge ya Tanga, ikafika Dar es Salaam, na huko ikakutana na wachoraji ambao leo wanajulikana dunia nzima. Ndani yake mna jibu la swali linalowahusu wote wapendao sanaa katika Afrika ya Mashariki: kwa nini wako waliofaulu kuacha kazi wakashika brashi, wako waliovishika vyote viwili mpaka mwisho wa umri wao, na kwa nini walio wengi hawakujaribu kabisa.

Nchi ya Waha ilikuwa na falme kadhaa, kila mmoja na mwami wake: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo. Watu walilima na kufuga, na mwaka wao uligawanyika sehemu mbili kubwa. Mvua zilianza kiasi cha Oktoba au Novemba zikaendelea mpaka karibu na Mei; baada ya hapo kilifuata kiangazi. Kiangazi ndicho kilichokuwa wakati wa kazi za mikono. Mfano ulio bayana ni chumvi ya Uvinza, kusini ya Kasulu, kando ya mto Malagarasi. Chemchemi zake za maji ya chumvi zilizidiwa na mafuriko wakati wa mvua, lakini ardhi ilipokauka watu wa pande nyingi, Waha wakiwa miongoni mwao, walikwenda kupiga kambi huko. Walichemsha maji, wakatoa sehemu ya chumvi kuwa ushuru kwa watawala wa Uvinza, wakarejea makwao kabla mvua haijaanza tena. Mtu hakulazimika kuacha ukulima ili awe mtengeneza chumvi. Mwaka wenyewe ulimgawia nafasi ya kila kazi.

Mgawanyo huo ulivunjwa na ukoloni. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, wakati wa Wajerumani. Wabelgiji waliitawala sehemu hiyo tangu 1916 mpaka 1921, kisha wakaja Waingereza. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na katika nyanda za Uha fedha taslimu ilikuwa adimu, kwa kuwa serikali haikujishughulisha sana kukuza mazao ya biashara huko. Kigoma ilitazamwa zaidi kuwa ghala la nguvu za watu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika lao la kuandikisha vibarua, lililojulikana kwa jina la SILABU, na Kigoma ikawa mojawapo ya sehemu lilikotafuta watu. Walioandikishwa waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Waliabiri garimoshi kuelekea mashariki na kufanya kazi kwa mikataba iliyozidi mwaka mmoja.

Shambani kila manamba alikuwa na kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30. Siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa iliandikwa. Siku aliyoshindwa haikuhesabiwa. Na mshahara ulilipwa kipande kilipojaa. Hapo ndipo mchana wa Muha ulipoanza kupimwa, kuandikwa na kuuzwa mmoja mmoja. Kiangazi, kilichokuwa mali yake mwenyewe, kiliingia ndani ya mkataba pamoja na masika. Aliporudi kwao akiwa na blanketi, shuka na fedha ya kodi, alirudi pia na somo ambalo watoto wake wangelirithi, kwamba usalama wa mtu umo katika kazi ambayo mwingine anailipia kila mwezi.

Baada ya uhuru wa 1961 kazi hiyo ilipata sura mpya na yenye heshima zaidi. Novemba 1974 chama cha TANU kilikutana Musoma na kuazimia kwamba watoto wote wa umri wa shule waandikishwe kufikia mwaka 1977. Maelfu ya walimu walihitajika kwa haraka, na vijana wengi waliomaliza elimu ya msingi walifundishwa ualimu wakiwa kazini, huko huko vijijini. Kasulu ikawa pia mahali pa vyuo vya ualimu, Chuo cha Kasulu na kile cha Kabanga. Katika vijiji vingi vya nyanda hizo mwalimu alikuwa ndiye mtu wa kwanza kupokea mshahara bila kusafiri kwenda kuutafuta Tanga. Mtu ambaye baba yake alikuwa manamba, naye akawa mwalimu wa shule inayoonekana kutoka shambani kwao, hawezi kuiona kazi yake kuwa ni minyororo. Kwake ni ukombozi uliochukua vizazi viwili.

Ndiyo maana swali la kuacha kazi ni zito kule kuliko mahali pengi. Aidha, mwalimu wa shule ya msingi ndiye mtu anayechora kila siku. Vitabu vikiwa vichache, huchora moyo na mapafu ubaoni kwa chaki, huchora ramani ya Tanzania juu ya boksi lililofunguliwa, huandika na kupamba chati za irabu kwenye mifuko ya saruji iliyokatwa. Mkono wake hauna uvivu wala haukosi ustadi. Jioni chaki inapofutwa, na picha nayo hufutwa.

Hapa wapenzi wa ushairi wanaweza kuuliza: je, kwani ni lazima aache kazi? Washairi wangapi wa pwani walikuwa mabaharia, mafundi cherahani, makadhi na makarani, na tenzi zao zikakamilika? Shaaban Robert mwenyewe ni shahidi. Aliingia utumishi wa serikali mwaka 1926 katika Idara ya Forodha, akakaa humo mpaka 1944, kisha akahamia idara nyingine na kuendelea na ukarani mpaka karibu na mwaka 1960. Alifariki 1962. Sehemu kubwa ya kazi zake ilitungwa na mtu ambaye mchana wake ulikuwa mali ya mwajiri, na mshahara ule wa karani ndio uliomlisha mshairi.

Lakini ushairi una jambo moja ambalo uchoraji hauna. Shairi huweza kutungwa njiani, likakaririwa kichwani huku mtu akihesabu mizigo bandarini, likaandikwa usiku kwa mwanga wa kandili. Vina na mizani havihitaji jua. Picha ya rangi huhitaji macho yaone tofauti ya kijani na kijani, na tofauti hiyo kandili huila; mwanga wake wa manjano huzigeuza rangi zote. Picha yahitaji mahali pa kuwekwa mpaka ikauke, mbali na moshi, kuku na watoto. Yahitaji pia fedha kabla ya kuleta fedha, kwa kuwa rangi na ubao hununuliwa kwanza. Mshairi huweza kumwibia mwajiri wake usiku, nao usiku mwajiri hakuununua. Mchoraji hana budi kuupata mchana, na mchana ndio uliokwisha kuuzwa.

Katika mji wa Paris aliishi mtu ambaye kazi yake ilifanana na ile ya Shaaban Robert. Henri Rousseau, aliyezaliwa 1844, alikuwa mtoza ushuru kwenye malango ya mji, akichora katika saa zake za mapumziko. Mwaka 1893, akiwa na umri wa miaka 49, alistaafu mapema kwa pensheni ndogo ili achore mchana kutwa, na picha zake kubwa za misitu zilizompatia jina nyingi zilikuja baada ya hapo. Wa forodha wa Tanga aliweza kubaki kazini akawa bingwa wa lugha yake. Wa ushuru wa Paris ilimlazimu kutoka. Tofauti hiyo haikutokana na ushujaa. Ni tofauti ya sanaa zenyewe na mahitaji yake.

Afrika ya Mashariki nayo ina wake. Wa kwanza kutajwa ni Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, kisha Slade, chuo cha sanaa cha London, na alifundisha Makerere kwa miaka mingi. Picha zake zilionyesha maisha ya Wachaga: migomba, mavuno, watu wakishirikiana kazi. Mwaka 1960 Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yalinunua picha yake ya watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, aliyoichora 1956. Kwa mchoraji wa nchi nyingine hiyo ingekuwa ishara ya kuacha mengine yote. Lakini Tanganyika ilikuwa inapata uhuru, na wasomi walikuwa wachache mno. Ntiro alitumwa London kuwa balozi, na aliporudi alishughulikia utamaduni serikalini, baadaye akafundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alichora mpaka mwisho, akafariki 1993, ila hakupata kuwa mchoraji tu. Mshika mbili moja humponyoka, husemwa. Kwa Ntiro hakuna iliyoponyoka, bali kila moja iliila nyingine. Taifa changa lilimnunulia mchana kwa sababu zilizo njema, na hata hivyo lilimnunulia.

Wa pili ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mwaka 1932, naye mwanafunzi wa Makerere. Mwaka 1959 alichora picha tano kubwa ukutani katika kanisa la ukumbusho la Murang'a, nchini Kenya, zinazoeleza maisha ya Yesu katika mandhari na sura za Kikuyu. Njia ya ofisi ilikuwa wazi mbele yake kama ilivyokuwa kwa wenzake wote waliotoka Makerere zama zile. Njau alichagua njia nyingine: badala ya kutafuta kazi itakayomruhusu kuchora, alijenga nyumba ambayo uchoraji ndio kazi yake. Marangu alianzisha jumba la maonyesho la Kibo, na Nairobi, mwaka 1965, yeye na wenzake wakaanzisha Paa ya Paa. Mpenzi wa ushairi hatakosa kuona mchezo wa jina hilo, ambamo mnyama paa na tendo la kupaa yanaitana, na paa la nyumba linasikika kwa mbali. Mwaka 1997 moto uliiteketeza sehemu kubwa ya nyumba hiyo pamoja na kazi nyingi zilizokuwamo, ikajengwa tena. Njau hakuacha kufundisha. Aliacha kumfundishia mwajiri. Huenda huo ndio mfano ulio karibu zaidi na mwalimu wa Kasulu, na pia ndio unaoonyesha gharama yake. Nyumba ya mtu binafsi haina hazina ya serikali nyuma yake inapoungua.

Wa tatu ndiye aliyepita katika njia ile ile ya manamba. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini kabisa mwa nchi, mbali na Kigoma. Lakini Tunduru na Uha zilikuwa na bahati moja: zote mbili zilikuwa mbali na mashamba makubwa, na vijana wake walitoka kwenda kuyafanyia kazi. Katika miaka ya 1950 Tingatinga alifika Tanga na kukata mkonge, katika mashamba yale yale yaliyojaa Waha. Baadaye aliingia Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani kwa afisa wa Kiingereza mpaka wakati wa uhuru bwana wake alipoondoka, kisha akaishi kwa vibarua vya hapa na pale.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alikata mbao laini za dari ziwe vipande vya mraba, akanunua rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli, akachora chui, tembo, ndege na miti kwa rangi zinazong'aa bila kuchanganywa sana. Picha ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mtaa walimokaa wageni wengi, na mkewe alikuwa miongoni mwa waliozisimamia. Alipopata ajira ya msaidizi katika hospitali ya Muhimbili hakuiacha brashi. Alifanya kazi, akachora baada ya kazi. Baadaye shirika la umma la biashara ya sanaa likaanza kununua picha zake, na vijana wa ukoo na wa nyumbani kwao wakakusanyika kwake kujifunza. Ndipo uchoraji ukawa kazi. Mwaka 1972 aliuawa Dar es Salaam kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Maisha yake yote ya uchoraji yalikuwa kiasi cha miaka minne. Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaandikisha ushirika wao. Wakaaji wa visiwani hawana haja ya kuelezwa mahali zilikofika picha hizo: zimetundikwa katika maduka ya Mji Mkongwe kuanzia Forodhani mpaka Mkunazini.

Msomaji atambue mpangilio wa mambo katika kisa hicho. Tingatinga hakuruka kwanza kisha akatafuta pa kutua. Alianza na rangi iliyopatikana dukani, akapata mahali pa kuuzia, akapata mnunuzi, na mnunuzi ndiye aliyemrudishia mchana wake. George Lilanga alipita njia isiyo mbali na hiyo. Alizaliwa mwaka 1934 katika sehemu za Masasi, akajifunza uchongaji wa Kimakonde, na katika miaka ya 1970 akawa mlinzi wa Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972. Huko kazi za mlinzi ziligunduliwa kuwa bora, akaingizwa ndani awe msanii, na mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Alifariki 2005 akiwa miongoni mwa wasanii wa Tanzania wanaojulikana zaidi duniani. Kampala nako, dereva aliyetoka Kigezi, Jak Katarikawe, alitiwa moyo na David Cook, mwalimu wa fasihi wa Makerere aliyeziona picha zake. Akauacha usukani, akahamia Nairobi, na huko aliishi kwa brashi mpaka alipofariki mwaka 2018.

Mlinzi, dereva, msaidizi wa hospitali. Hao ndio walioacha. Waliosoma vyuoni, wakiwa na vyeti na vyeo, wengi walibaki au walichora huku wakiwa wameajiriwa. Hapa pana jambo ambalo hadithi nyingi za wasanii hulificha. Husimuliwa kana kwamba mchoraji ni mtu aliyekuwa na mengi akayatupa kwa ajili ya wito. Mfano unaopendwa ni wa Paul Gauguin, aliyekuwa na kazi nzuri ya biashara ya hisa mjini Paris, na ambaye tangu mwaka 1883 alijitolea kwa uchoraji, mwishowe akamwacha mke na watoto watano na kufia katika visiwa vya bahari ya Pasifiki mwaka 1903. Hadithi hiyo husahau kwamba soko la hisa la Paris lilikuwa limeanguka mwaka mmoja kabla. Kazi nayo ilikuwa inamwacha.

Katika Afrika ya Mashariki waliovuka walikuwa hasa wale ambao mishahara yao haikuwa imewafunga kwa nguvu. Mshahara mdogo hununua mchana wa mtu tu. Mshahara wa ualimu hununua mchana na kumwongezea jina, kwa maana katika vijiji vya Kasulu na Kibondo mtu huitwa Mwalimu hata akistaafu, na kuacha kazi ni kuacha sehemu ya jina lake. Tena mshahara huo si wake peke yake. Umekwisha kugawiwa kwa mama mzazi, kwa wadogo zake wanaosoma, kwa mjomba anayeugua. Anayesema mwalimu huyo ni mwoga hajauhesabu mshahara wenyewe.

Nyanda hizo hizo, hata hivyo, zimeshuhudia pia kazi zikiwaacha watu. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, umati mkubwa wa wakimbizi uliingia Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa kwa Wakongomani waliotoka upande wa Kivu. Kambi nyingine kama Mtabila na Nduta zilifunguliwa, zikafungwa, na Nduta ikafunguliwa upya mwaka 2015. Miongoni mwa waliovuka mpaka walikuwamo walimu, wauguzi na makarani. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 iliwazuia kutoka kambini bila kibali, na aliyefundisha kambini alipata posho ndogo, si mshahara wa ualimu. Watu hao walipata ghafla kile ambacho mchoraji hukitamani, yaani mchana mrefu usiouzwa. Lakini walikosa kila kitu kingine: rangi, mnunuzi, ruhusa ya kupeleka kazi sokoni. Kambi imethibitisha kwamba mchana peke yake hautoshi, sawasawa na Muhimbili ilivyothibitisha kwamba mchoraji mwenye mnunuzi huweza kuanza hata akiwa kazini.

Basi kilichokosekana Uha si macho wala mikono. Majina yanayojaza masimulizi ya sanaa ya Tanzania ni ya Machame, Marangu, Tunduru na Masasi, lakini watu hao hawakupata majina yao wakiwa huko. Waliyapata Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, palipokuwa na kuta za kutundikia na watu wa kununua. Kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam ni takribani kilomita 1,250 kwa reli. Manamba alilipiwa nauli ya safari hiyo kwa sababu mkonge ulimhitaji. Mchoraji hajapata kulipiwa na mtu. Chuo cha sanaa kilianzishwa Bagamoyo, mwaka 1981, na maduka ya picha yako pwani yanakoshukia watalii. Katika miji ya nyanda za juu picha inayolipiwa ni bango la duka, jina juu ya gari, mfano wa mwili wa binadamu ukutani mwa shule, watakatifu ukutani mwa kanisa. Hizo si kazi za kudharauliwa. Njau alianzia ukutani mwa kanisa, na Tingatinga alichora kwa rangi ya baiskeli.

Historia hiyo yote inalirudisha swali la wazee wa ukoo likiwa na sura nyingine. Wanapouliza nani atalipa, wanauliza jambo lile lile lililoamua maisha ya Ntiro, Njau, Tingatinga, Lilanga na Katarikawe: nani ameununua mchana huu, na nani yuko tayari kuukomboa? Kwa Ntiro taifa liliununua. Njau aliukomboa mwenyewe, kwa gharama kubwa. Tingatinga alikombolewa na wapita njia wa Oysterbay, kisha na shirika la umma. Hakuna hata mmoja aliyekombolewa na ujasiri mtupu.

Na jibu la zamani bado lipo katika ardhi yenyewe. Mtu wa Kasulu au Kibondo anayeacha ajira haangukii barabarani, huangukia jembe. Ana maharage, mihogo na ndizi, na mwalimu mwingi wa huko analima hata akiwa kazini. Jembe humdai mtu mchana wa masika, kisha humwachia mchana wa kiangazi, mwanga mkali usio na wingu, tangu Juni mpaka Septemba, wakati rangi inakauka upesi na njia zinapitika. Ni miezi ile ile ambayo mababu waliitumia kuchemsha chumvi Uvinza. Ajira haina kiangazi; likizo ya shule ya mwezi wa Juni hufika na kupita picha ya pili haijakauka. Lakini mkulima anacho, na aliyekuwa mwalimu, akishika jembe na brashi, anacho pia. Mtengeneza chumvi alikwenda Uvinza akijua kwamba chumvi itanunuliwa. Mchoraji wa nyanda za juu anao mchana wa kuchorea. Anayesubiriwa bado ni mtu wa kuja, kiangazi kikiisha, kuuliza bei ya picha.